Niliimimina Chupa ya Kirusi Kwenye Mrashi wa Hitma

Nimekosa. Nalisema hilo mwanzo kabisa, maana mimi nikianza kujitetea huwa nashinda, na safari hii sistahili kushinda.

Jina sitoi. Wanawake wa Kiswahili hapa Birmingham tunajuana hata kwa vikohozi, na waliokuwepo siku ile watanitambua kabla hawajafika katikati. Na wanitambue tu! Nimechekwa mpaka nimezoea.

Ugonjwa wangu, wenzangu, ni ujuaji. Miaka ile tulipokuwa bado tunapiga simu nyumbani kwa kadi za kukwangua, nilikuwa nauza udi na mafuta mazuri sebuleni kwangu, Erdington. Halikuwa duka. Lilikuwa kabati la vioo na mdomo wangu. Mteja akiingia simuulizi anataka nini. Namtazama, nafumba macho, navuta pumzi kama mganga, halafu namwambia yeye ni mtu wa namna gani na manukato yanayomfaa ni yapi.

"Wewe mpole juu juu, ndani una wivu. Chukua asumini." "Wewe mumeo anakuogopa, chukua udi mkavu." Kuna mmoja nilimwambia, "Wewe usijipake kitu, oga tu," akaninunia mwaka mzima. Na watu walinisikiliza, jamani! Mtu akisikilizwa sana hupandwa na wazimu, nami ulinipanda.

Sasa nikwambieni juu ya Zuhura, maana yeye ndiye niliyemkosea.

Zuhura ni wa Tanga, muuguzi, mwembamba, mtu wa kuongea kwa kijiko. Tulijuana nilipojifungua mwanangu wa kwanza, Nadia. Nilikuwa nimelala wodini nalia kama mtoto, si kwa uchungu, bali nataka uji wa pilipili manga na sina mama wa kunipikia. Zuhura alipita na kazi zake, akanisikia nalalama kwa Kiswahili, hakusema kitu. Kesho yake akaja na chupa ya chai imejaa uji. Akaniletea kila siku mpaka nikatoka. Urafiki wetu ulianzia kwenye chupa ile.

Na mtu huyo, manukato niliyompangia unajua yalikuwa yapi? "Wewe shoga yangu, maji ya waridi. Na hayo nayo uyazimue." Watu wakaangua kicheko. Yeye akatabasamu kidogo, akaendelea kukunja sambusa.

Halafu mama yake akafariki, kulekule Tanga. Alikufa asubuhi akazikwa alasiri, kama ada yetu. Zuhura alipigiwa simu akiwa kazini, pale hospitali kubwa upande wa Harborne. Akapokea habari, akamaliza zamu yake. Nilipokwenda kumpa pole sikuona chozi. Alinitilia chai, akaniuliza Nadia hajambo.

Nikatoka pale nikaenda kusema kwa watu maneno ambayo leo nikiyakumbuka natamani kujing'ata ulimi. Nilisema, "Yule moyo wake ulibaki Urusi, kwenye barafu." Maana Zuhura alisomea uuguzi huko, enzi zile serikali yetu ikipeleka vijana kusoma Urusi. Yeye mwenyewe hakuwa akisimulia habari za huko, basi mimi nikamsimulia.

Siku chache kabla ya hitma ya arobaini nikaenda kwake Newtown kupanga mambo. Ndipo nilipoiona. Ilikuwa juu ya kabati la chumbani, pembeni mwa msahafu: kichupa cha kioo kizito, kizibo chake kimechongwa kama kuba, na kisanduku chekundu kilichopauka kimewekwa nyuma yake. Ndani manukato yamekuwa na rangi ya chai ya rangi, yamebaki chini ya nusu.

Nikaifungua. Hapana, sikuomba. Mimi huyo!

Lo! Ilinipiga puani. Kwanza karafuu, karafuu yenye hasira, na spiriti ya kuchoma macho. Nyuma yake maua, na nyuma ya maua kitu kama poda. Mimi na kabati langu zima la vioo hatukuwa na kitu kama kile.

"Ya Kirusi," Zuhura akasema. "Ya zamani. Wenyewe wanaiita Moscow Nyekundu."

Basi nikafumba macho, nikavuta pumzi, uganga ukanipanda. "Hii, shoga, ni ya mwanamke mwenye vishindo. Akiingia mahali shingo zinageuka. Mwanamke wa kutawala watu. Si ya mtu wa kujibanza pembeni, hii."

Mnaona nilikuwa namsifu nani? Najisifu mwenyewe! Nilikuwa nimesimama chumbani mwa mfiwa najipigia vigelegele.

Zuhura aliichukua mkononi mwangu taratibu, akakaza kizibo, akairudisha pembeni mwa msahafu. "Labda," akasema.

Mtu mwenye akili timamu angeuliza swali moja tu: imetoka wapi? Mimi nikaanza kumweleza habari za gauni nitakalovaa siku ya hitma.

Siku ikafika. Kazi niliyopewa, au tuseme niliyojipa, ilikuwa udi na marashi. Baada ya hitma tungesoma maulidi, na wakati wa kiamu, watu wakisimama kumswalia Mtume, mtu hupita na mrashi akiwanyunyizia maji ya waridi. Mimi nina mrashi wa fedha wa shingo ndefu, nimerithi kwa bibi yangu. Nikitembea nao najiona kama nimebeba taji.

Nilifika mapema. King'ora cha moshi nikakivika kofia ya plastiki ya kuogea, maana udi na nyumba za halmashauri havipatani. Nikawasha mkaa, nikapanga chetezo. Nikafungua mfuko wangu nitoe maji ya waridi.

Hayamo.

Nilikuwa nimeyaacha juu ya friji, Erdington, mabasi mawili kutoka pale. Asubuhi yote nilikuwa napiga pasi gauni.

Jikoni alikuwepo Mama Furaha, jirani wa Zuhura wa mlango wa pili, Mkongomani, mtu wa kanisa haswa, amekuja kusaidia kukaanga. Nikamwambia balaa langu. Akacheka. "Tia mayi tu, mama. Mungu anaangalia roho, haangalie ile chupa. C'est pas grave, si neno."

Maji ya bomba! Mimi? Mwenye kabati la vioo? Watu wakirudi makwao waseme fulani alitunyunyizia maji kama miche ya mchicha?

Nikaingia chumbani, ati natafuta mahali pa kutundika koti. Kitanda kimejaa makoti ya wageni. Na kile kichupa kiko palepale, kinaniangalia.

Nikajiambia, matone mawili tu. Nikajiambia tena, ni kwa ajili ya marehemu, Zuhura mwenyewe atafurahi. Uongo mtupu! Nilikuwa nimekitamani tangu siku ile. Kwanza nikajipaka mwenyewe: nyuma ya masikio, shingoni, viganjani, kwenye ushungi mbele na nyuma. Halafu nikamimina kwenye mrashi. Nikaona yaliyobaki ni kidogo mno, kuyaacha ni kama uchoyo. Nikaimimina chupa yote.

Nikajaza maji ya bomba. Mchanganyiko ukageuka mweupe kama maji ya kuoshea mchele. Hapo hata mjinga angesita. Mimi nikatikisa.

Kiamu kikaja. Watu wakasimama, sauti zikapanda, nami nikatoka na mrashi wangu, mwendo wa maringo. Fya! Kulia. Fya! Kushoto. Wa kwanza kupiga chafya alikuwa binti mmoja karibu na dirisha, nikasema ana mafua. Halafu wa pili. Halafu safu nzima! Watu wanaswalia huku wanapiga chafya, machozi yanawatoka, mimi napita tu.

Bi Asha, mama wa Kiunguja tunayemheshimu sote, yalimwingia machoni. "Yarabi! Mwanangu, hii dawa ya mbu?"

"Marashi, Bi Asha."

"Marashi yanachoma hivi? Mna spiriti humu! Nitaswali vipi na nguo hii?"

"Ni ya kisasa, Bi Asha," nikamjibu. Ya kisasa! Kitu kina umri kunishinda mimi.

Watu wakaketi, dua ikaanza. Na hapo, wenzangu, nikajifunza kitu juu ya manukato yale ambacho pua yangu yenye majivuno haikukijua. Vurugu yake ni ya mlangoni tu. Ukiyapa muda, ule ukali unaondoka wote, inabaki harufu ya chini, laini, yenye joto, kama nguo iliyotunzwa sandukuni na mtu anayekupenda. Chumba kizima kikatulia ndani ya harufu hiyo. Hata Bi Asha aliacha kufuta macho, akanusa kiganja chake. "Kuna karafuu humu," akanong'ona.

Zuhura muda wote huo alikuwa jikoni. Mfiwa, lakini hataki kukaa akapewa pole. Dua ilipokwisha akatoka na sinia la kaimati. Akafika mlangoni, akasimama.

"Mama," akasema.

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayeitika. Aliweka sinia chini palepale kizingitini, akaingia katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya Bi Asha, akauficha uso wake begani mwa yule mama. Akalia. Kilio chote cha siku arobaini kilitoka pale, na wanawake wote tukalia naye.

Na mimi? Nitasema ukweli hata kama unanivua nguo. Nilijiona nimefanya muujiza! Nilimnong'oneza aliyekaa karibu nami, "Unaona kazi ya marashi mazuri?"

Zuhura akanyanyuka, akaenda chumbani mbio. Aliporudi alikuwa ameshika chupa tupu.

"Nani?"

Macho yangu, wallahi sikuyatuma, yakaenda kwa Mama Furaha aliyesimama mlangoni mwa jikoni. Yule mama akaniona. "Mama, ni mimi unaangalia?" akauliza, taratibu kabisa. Mpaka leo sauti ile ikinijia nikiwa peke yangu natamani kujificha.

Hakukuwa na haja ya kesi. Zuhura alitembea kutoka mtu hadi mtu, ananusa. Wenzangu kila mmoja alikuwa na vitone viwili vitatu. Alipofika kwangu hakuhitaji kuinama. Nilikuwa nanuka ushahidi wote, mashahidi na hukumu!

"Nilimtumia mama nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza," akasema, akiiangalia chupa. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi vile. "Akawa anajipaka Ijumaa tu, tone moja, chini ya sikio. Tangu nikiwa msichana mpaka nimekuwa mtu mzima, kila nikirudi likizo, hii ndiyo harufu yake. Wiki iliyopita ndiyo imeletwa na mtu kutoka nyumbani. Na wala sijajipaka. Nilikuwa nafungua nanusa, nafunga."

Akanigeukia.

"Wewe uliniambia hii ni ya mwanamke mwenye vishindo. Mama yangu alikuwa anasuka ukili barazani. Alikuwa akiingia mahali hujui kama ameingia. Akishaondoka ndipo unapojua alikuwepo."

Nilifungua mdomo. Ungedhani hapo hata mimi ningekosa la kusema, lakini nilianza, "Shoga, mimi nilidhani..." Bi Asha akanifinya paja. Nashukuru alinifinya.

Watu wakala pilau, wakachukua makoti yao, wakaondoka. Nami nikainuka niondoke nao, ushungi nimejifunika mpaka puani kwa aibu.

"Wewe usiende," Zuhura akasema. "Usinawe pia. Kaa."

Nikakaa kwenye mkeka. Akaja akaketi kando yangu, akaegemeza kichwa chake begani mwangu, pua yake shingoni kwangu, akafumba macho. Moyo wangu ukayeyuka! Nikajua nimesamehewa. Nikamshika mkono, nikaanza, "Zuhura, mwenzangu, nisamehe, unajua mimi..."

"Nyamaza," akasema. "Ukisema unakuwa wewe."

Nikanyamaza. Mimi! Nilikaa pale alasiri nzima sikusema neno, mguu umekufa ganzi, Mama Furaha anaosha masufuria jikoni na kuimba nyimbo zake za kanisa kwa sauti ya chini. Nikaelewa kwamba hakuwa amenikumbatia mimi. Alikuwa amemkumbatia mama yake. Mimi nilikuwa chupa, na kama chupa sikuwahi kuwa na manufaa kama siku ile.

Mwanga wa dirishani ulipoanza kufifia akainua kichwa. Akanusa tena, mara moja. "Basi," akasema. "Imekwisha." Akanipa koti langu na mrashi wangu, akanifungulia mlango.

Nyumbani baba watoto alifungua madirisha yote. Nadia akaniuliza, "Mum, what's that smell?" Nikamwambia ni ya mtu. Ushungi sikuufua. Niliutia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga vizuri, na asubuhi nikaupeleka Newtown. Zuhura akaupokea mlangoni, akasema ahsante, akafunga mlango. Nikagonga na mlango wa pili. Mama Furaha alinikaribisha ndani, akasikiliza msamaha wangu wote, akasema, "Mungu amekusamehe, mama. Mimi bado kidogo." Ilichukua muda, lakini alinisamehe.

Zuhura hakuwa na haja ya kunigombeza. Aliacha tu kunipigia. Nikimsalimu anaitikia, nikimuuliza hali anasema nzuri. Nilipojifungua mtoto wa pili, nililala wodi ileile natazama mlango. Wageni walikuja na maua na nguo za mtoto. Uji haukuja.

Hapo ndipo nilipolia. Hapo ndipo nilipojua nilichokimimina kwenye mrashi siku ile.

Baadaye maduka ya watu wa Ulaya Mashariki yalipoanza kufunguliwa, nikaikuta kwenye moja: sanduku jekundu, jina lilelile. Nilitaka kumbusu muuzaji! Nikaipeleka Newtown mbiombio. Zuhura akaifungua, akainusa, akasubiri. Akasubiri sana, mtu anayejua kuwa haya mambo yanataka muda. Kisha akanirudishia.

"Si hii," akasema. "Wanatengeneza vingine siku hizi." Akaniangalia. "Lakini umefanya vizuri kuitafuta."

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la upole kwangu tangu hitma, nami nilirudi nalo Erdington kama nimebeba dhahabu.

Chupa hiyo mpya ninayo mimi. Najipaka tone moja Ijumaa, chini ya sikio. Hainifai hata kidogo! Mimi ndiye mwenye vishindo, na vishindo juu ya vishindo ni ghasia. Wanangu wanakaa mbali nami kwenye gari. Kabati la vioo niliuza. Mtu akiniuliza manukato gani yanamfaa namwambia anuse mwenyewe.

Juzi juzi kulikuwa na maulidi kwa Bi Asha. Nilijikalisha pembeni, karibu na mlango. Zuhura aliingia akatazama huku na huku, nafasi zipo tele, akaja akakaa kando yangu. Hakunisalimu. Alikaa tu, bega lake limegusa langu, nami maneno yalinijaa kinywani kama kaimati za moto. Nikayameza moja moja mpaka dua ikaisha.

Kwa hiyo nawausia, dada zangu, hasa nyinyi wenye pua na midomo kama mimi. Ukiona chupa kwenye kabati la mwenzio, usihangaike kujua inamfaa nani. Uliza ilikuwa ya nani. Na mwenzio akiwa hasemi, usimsemee.

Nimeshasema mno, kama kawaida yangu. Nanyamaza.